Leopards ni ya raia wote: mpira wa inchi usifungiwe ndani ya dekoda

Kindu, mwezi wa kumi na mbili 2025

Wandugu raia wa Kindu, wa papa na wa mama, vijana wa Kasuku, wa Mikelenge na wa ng'ambo kule Alunguli,

Zimebakia siku chache. Tarehe 21 ya mwezi huu Kombe la Afrika linaanza kule Marokko. Tarehe 23 Leopards wetu wanaingia uwanjani na Benin, kisha watacheza na Senegali na Botswana. Kila mahali mtu anapopita hapa mjini, kwa soko, kwa kivuko, kwa gare, anasikia swali moja. Watu hawaulizi kama tutashinda. Wanauliza: tutaangalia wapi?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini sisi tunaona ni swali la haki. Njo maana tumeamua kuandika tangazo hili.

Mukumbuke tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2024. AS Maniema Union, ekipe ya huku kwetu, ekipe yenye kubeba jina la jimbo letu, ilicheza kule Afrika Kusini na Mamelodi Sundowns katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Sundowns ni ekipe tajiri, yenye kujulikana bara nzima. Vijana wetu walisimama wima: 0-0. Kundi lilikuwa na ekipe mbili za Marokko pia, Raja Casablanca na AS FAR. Nani alifikiri jina la Maniema lingefika pale?

Siku ile wamoja wetu tulikuwa katika sale ya video, hapa Kasuku. Kuingia ilikuwa franka 1.000. Ndani tulikuwa tumebanana kama samaki ndani ya kikapu. Lakini wengi walibakia inje: watoto, wa mama wenye kuuzisha mikate, motari wenye hawajapata mteja tangu asubui. Kijana mmoja alisimama kwa dirisha, akawa anaelezea wa inje kila kitu: "Mpira iko kwetu! Golikipa amedaka!" Papa mmoja mzee, mtu wa reli ambaye mshahara wake wengi munajua namna ulivyopotea, alikuwa amekaa chini, mgongo kwa ukuta, anasikiliza. Kabla ya mechi kuisha, jenereta ilizimika juu ya mafuta. Ndani na inje tukawa sawasawa, wote gizani. Matokeo tulipata kwa simu.

Kuna jambo lingine la kuumiza zaidi. Mechi za "nyumbani" za Maniema Union katika mashindano yale hazikuchezwa Kindu. Zilichezwa Kinshasa. Basi mtu wa Kindu hangeweza kwenda uwanjani kwa miguu. Na Kinshasa haifikiki kwa barabara. Ni ndege, na bei ya tiketi ya ndege munaijua. Njia iliyobakia ilikuwa televizio, na televizio ile inafunguliwa na mwenye kulipa. Ekipe ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu, lakini picha haikuwa yetu.

MAMBO INAENDAKA NAMNA GANI

Watu wengi wanakasirikia mwenye sale, ao wanakasirikia kijana anayeuzisha abonema pale barabarani. Hapana. Shida iko juu zaidi. Tuielewe vizuri, juu adui usiyemujua unampiga kwenye kivuli.

Mashindano yako na mwenyewe. Kombe la Dunia ni la FIFA. Kombe la Afrika na Ligi ya Mabingwa ni vya CAF. Ligi ya hapa inchini iko chini ya Linafoot na FECOFA. Mwenyewe anauzisha haki ya kuonyesha mechi: kwa eneo fulani, kwa miaka fulani. Akimuuzia mtu mmoja tu, hiyo ndiyo haki ya peke yake. Yule aliyenunua anafunga picha kwa ufunguo, na ufunguo ni kadi iliyo ndani ya dekoda. Televizio ya taifa, RTNC, ikitaka kuonyesha mechi ya Leopards, inapashwa kwenda kupiga hodi kwa mnunuzi yule na kununua tena. Ikikosa pesa, ao ikichelewa, raia wanakosa. Ikionyesha bila ruhusa, inashtakiwa.

Mfano uko karibu. Kwa Kombe la Dunia la 2022, haki za inchi za Afrika zinazosema kifaransa, kusini ya Sahara, zilinunuliwa na New World TV, kampuni ya Togo. Hatuna ubaya na watu wa Togo. Mwafrika akifanya biashara kubwa tunafurahi. Lakini muone vile ufunguo wa nyumba yetu unavyotembea: leo uko Paris, kesho uko Lomé, na siku moja haujafika mkononi mwa raia wa Kindu. Na mwaka huu, mwezi wa tisa, Canal+ ilichukua MultiChoice, ile kampuni ya Afrika Kusini yenye DStv na SuperSport. Wakubwa wawili wa televizio ya kulipia barani wamekuwa mmoja. Wanunuzi wakipunguka, nani atapanga bei? Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kujibu.

Na mikataba hii si midogo. CAF ilikuwa imetia sahihi na kampuni ya Ufaransa, Lagardère Sports, mkataba wa miaka 12, toka 2017 mpaka 2028, wenye kuhakikisha dola bilioni 1. Mwaka wa 2019 CAF yenyewe ikauvunja. Tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja ambalo Kongo ni memba wake, ilichunguza mikataba mirefu ya CAF, na iliwatoza CAF na beIN faini ya dola 300.000 kila mmoja. Tume iliona kama haki ziliachwa mkononi mwa mtu mmoja kwa miaka mingi, bila kufungua mlango kwa wengine kushindana. Basi tukisema mikataba hii iko na kasoro, hatusemi maneno ya barabarani. Wakubwa wenye sheria wamekwisha kusema.

"LAKINI PESA YA TELEVIZIO NJO INALISHA EKIPE"

Kuna wandugu watatujibu hivyo, na wako na sehemu ya ukweli. Hatutaficha.

Muangalie Tanzania. Mwaka wa 2021 Azam Media ilitia sahihi na shirikisho la mpira la kule, TFF, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225,6 kwa ligi kuu. Haki ni ya peke yake, ndiyo. Lakini kiasi kilitangazwa mbele ya watu wote, ekipe ndogo pia zinapata sehemu, na leo ligi ya Tanzania inavuta wachezaji wetu wenyewe kutoka Kongo. Mkataba ukiwa wazi, unaweza kujenga.

Sasa muangalie Kenya. SuperSport iliingia kule 2007, ligi ikachangamuka, viwanja vikaonekana. Mwaka wa 2017, kiisha mabishano juu ya kuongeza ekipe toka 16 mpaka 18, SuperSport ilifunga virago. Ekipe zilizozoea pesa ile zikabakia zinaangaliana. Na msifikiri ni shida ya Afrika tu: Ufaransa, ligi yao iliuzia Mediapro haki kwa euro zaidi ya milioni 800 kwa mwaka, mwaka wa 2020 Mediapro ikashindwa kulipa, na mkataba ukafa mbele ya Noeli. Mwenye kuweka mayai yote ndani ya kikapu kimoja, siku kikapu kinaanguka, analala njaa.

Kwa hiyo hatusemi televizio ya kulipia ifukuzwe. Mtu mwenye uwezo wa kulipia ligi ya Uingereza ao ya Hispania kila juma, alipie, ni starehe yake. Tunasema mambo mawili tu. La kwanza: mkataba wowote wenye kuuzisha mpira wa Kongo, raia waujue. La pili: kuna mechi ambazo si starehe ya mtu. Ni mali ya taifa, na mali ya taifa haifungwi kwa kadi.

NANI ANALIPA LEOPARDS?

Ekipe ya taifa haikuanguka kutoka mbinguni. Ndege, hoteli, prime za wachezaji, mshahara wa kocha, vyote vinatoka kwa sanduku la serikali. Na sanduku lile linajazwa na nani? Mama anayelipa tiketi ya soko kila asubui. Motari anayelipishwa karatasi kila kona. Mwenye mtumbwi anayelipa kodi kwa kivuko. Kila mtu anayenunua sabuni, chumvi, megabaiti za simu, amekwisha kulipia Leopards. Kisha wanamwambia: lipa tena ili uwaone. Mtu anajenga nyumba yake, kisha anaombwa kodi ya kuingia.

Na wasituambie pesa hakuna. Mwaka huu wa 2025 serikali yetu ilitia sahihi mikataba na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili jina la Kongo lionekane kwa wale wazungu. Kwa Barcelona peke yake, vyombo vya habari vilitaja zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Tunauliza kwa heshima: inchi yenye kupata pesa ya kuandika jina lake kwenye jezi ya mazoezi ya Barcelona, inakosa namna gani pesa ya kuonyesha jezi yake yenyewe kwa mtoto wa Alunguli?

"INCHI IKO KWA VITA, NINYI MUNAONGEA MPIRA"

Hilo pia tutaambiwa. Tunalisikia, na linatuchoma, juu tunaishi ndani yake. Tangu Goma na Bukavu zilipoanguka mwanzo wa mwaka huu, Kindu imepokea ndugu waliokimbia, na bei kwa soko munaziona.

Lakini mukumbuke tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kule Abidjan, mechi ya nusu finali na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaweka kwa kichwa kama bunduki. Bila neno hata moja waliambia dunia: wanatuua mashariki, na ninyi munanyamaza. Tulipoteza mechi 1-0, lakini ishara ile ilizunguka dunia kupita mihutubio mingi. Mpira ulikuwa mikro ya watu wasio na mikro.

Na siku zile raia wengi walilalamika kwamba kamera zilikwepa mabango ya wafuasi wetu. Hapo pia tuelewe: katika mashindano kama yale picha inatengenezwa mahali pamoja, kwa ajili ya mwenye mashindano, na televizio zote zinapokea ile ile. Mwenye picha anachagua nini kionekane. Njo maana haki za televizio si hesabu ya pesa tu. Ni swali la nani anaonekana na nani anafichwa. Mtu wa mashariki mwa Kongo anapashwa kuwa wa kwanza kulielewa.

Kisha, tarehe 16 mwezi uliopita, kule Rabat, Leopards walifungana na Nijeria 1-1, tukashinda kwa penalti, Chancel Mbemba akaweka ile ya mwisho. Ile usiku hapa Kindu mtu hakuuliza mwenzake ni wa kabila gani, ni wa chama gani, amekimbia kutoka wapi. Mwezi wa tatu mwaka kesho wanaenda kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia kule Meksiko. Furaha kama ile ni kati ya vitu vichache bado tunagawana sisi wote. Tukiiacha iuziwe wenye uwezo peke yao, tutabakia tunagawana nini?

HATUOMBI KITU KIPYA

Inchi zenyewe zenye kutuuzia picha ziko na sheria ya kulinda raia wao. Ufaransa iko na dekreti ya mwaka wa 2004 yenye orodha ya mashindano makubwa ambayo hayawezi kufungiwa kwa televizio ya kulipia peke yake. Mechi za ekipe ya taifa ziko ndani. Uingereza iko na orodha yake. Afrika Kusini, kwa DStv yenyewe, iliweka kanuni kama hizo mwaka wa 2010. Mfaransa maskini anaona ekipe yake bure. Mkongomani maskini anasikiliza kwa dirisha.

Na hapa kwetu msingi uko. Katiba yetu, kipengele cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na inaita vyombo vya serikali utumishi wa watu wote. Kuna CSAC, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ili kusimamia redio na televizio. Kuna sheria ya 2018 juu ya bei na ushindani. Kinachokosa ni orodha, na utashi wa kuiandika.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Waziri wa Michezo, Waziri wa Mawasiliano na RTNC waambie raia, mbele ya tarehe 21, ni mechi gani za Kombe la Afrika zitaonyeshwa bure, na RTNC Maniema itazipokea namna gani. Raia asijulishwe saa ile mpira unaanza.

2. FECOFA na Linafoot watangaze kila mkataba wa televizio: nani amenunua, kwa miaka mingapi, kwa kiasi gani, na kila ekipe inapata ngapi. Maniema Union pia iambie wafuasi wake ilipata nini.

3. Wadepite wa taifa na waseneta waliochaguliwa Maniema walete pendekezo la sheria lenye orodha: mechi zote za Leopards, wanaume na wanawake, juu hata dada zetu walicheza Kombe la Afrika mwezi wa saba mwaka huu na wengi hawakujua, na mechi za ekipe yoyote ya Kongo katika makundi ya mashindano ya Afrika. Mnunuzi atakuja akijua toka mwanzo kwamba mechi hizo zinabakia wazi.

4. CSAC na tume ya ushindani wahakikishe haki za mpira wa hapa zinauzishwa mbele ya watu wote, kwa miaka michache, wala si kwa kunong'onezana ndani ya ofisi.

5. Gavana wa jimbo na meya wa Kindu waweke ekrani moja kubwa kwa kila komine: Kasuku, Mikelenge, Alunguli. Tunajua umeme ni shida. Kwa hiyo tunasema ekrani tatu, jenereta tatu, mafuta ya siku za mechi za Leopards. Kwa mikutano ya kisiasa vitu hivyo vinapatikanaka.

6. Wenye sale za video, ndugu zetu: tunajua abonema inalipwa kwa dola na mafuta ni ghali. Lakini siku za Leopards musipandishe bei, na muachie watoto mstari wa mbele.

SISI TUTAFANYA NINI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Juma hili tutapeleka barua kwa ofisi ya gavana na nakala kwa ofisi ya kila depite. Memba wetu watapita avenue kwa avenue wakikusanya sahihi. Asiyejua kuandika ataweka kidole, sahihi yake ina uzito uleule. Jibu tutakalopewa tutalitangaza hapa, neno kwa neno. Na kama ni kimya, tutatangaza kimya chao pia, na majina ya walionyamaza.

Tunasema wazi kabisa: hakuna mtu atupe jiwe. Duka linalouzisha abonema ni la mtoto wa Kindu anayetafuta mkate. Hasira yetu iko na anwani, na anwani yenyewe iko kwa ofisi ambapo mikataba inatiwa sahihi.

Tarehe 23, Leopards wakiingia uwanjani, tutakuwa pamoja, popote picha itakapopatikana. Tutamtafuta yule papa wa reli, tumuweke kiti mbele. Amelipia ekipe hii maisha yake yote. Asisikilize tena kwa ukuta.